Dubu Katika Mkebe wa Peremende

Nyamwaga,
9 Januari 2024

Mdogo wangu Erasto,

Zipokee salamu hizi kwa mikono miwili, ingawa nimezituma kwa moyo nusu. Mama hajambo. Goti lake limetulia tangu aache kwenda kanisani kwa njia ya mkato. Mahindi ya upande wa juu yamebeba vizuri, ya upande wa mtoni nyani wamekula kabla yetu. Yule mbuzi uliyemnunua siku ya Krismasi bado anazungumzwa, kwa sababu alikuwa mzee kuliko mchungaji wake, na jirani yetu Scholastica amevunjika jino. Mseti yupo.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Kila nikifika kwenye neno ng'ombe, mtandao wa huko Ikoma unakufa. Ni mtandao wa ajabu, maana ukiomba utumiwe unga wa muhogo unasikika mpaka pumzi. Joel, utingo wa basi la Mugumu, amekubali kubeba barua zetu. Karatasi haina mahali pa kukatia.

Sasa sikiliza. Krismasi ulikuja nyumbani na mkebe wa peremende za kikohozi. Tukadhani umetuletea peremende. Ukaufungua mbele ya mama na wazee wa ukoo waliokuja kunywa chai, ukatoa vidhahabu vya duara kama sarafu, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati, ukavipanga juu ya kitambaa cheupe kama padri anayeandaa altare. "Hiki ni Oregoni. Hiki ni Montana. Hiki ni Kalifonia, mnamwona dubu?" Baba mdogo alivaa miwani, akaivua, akauliza kama huyo dubu anakamuliwa. Dubu! Mnyama ambaye hata hiyo mbuga yenu hana. Umezaliwa Nyamwaga, mura, mahali ambapo watu wanachimba dhahabu, wanapigania dhahabu, wanakula vumbi lake na kukohoa, halafu wewe dhahabu yako inatoka Amerika, tena ya ukubwa wa kunguni.

Hilo nimelicheka nikalimaliza. Ambalo sijalimaliza ni hili. Kesho yake asubuhi uliwaswaga ng'ombe wawili, yule mwekundu na mtamba wake, ukasema unawapeleka Kisaka kwa baba yake Winfrida, ili uchumba uwe uchumba. Tulikupigia vigelegele mpaka njia panda. Unajua ng'ombe hao ni uzao wa nani. Bibi yao aliingia bomani kwa baba siku niliyotoka mimi kwenda kuolewa na Mseti. Ndivyo ilivyo kwetu, dada anatoka ili kaka aoe, na mimi nilitoka. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza wakwe waliwapokeaje. Walisifu pembe? Walitoa kinywaji? Niandikie.

Dada yako,
Boke


Ikoma,
2 Februari 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Na mama nampa shikamoo yake kando, isichanganywe na yako, maana wewe umeniamkia kwa matusi. Mimi ni mzima. Nyumbu wamekwenda kusini, wageni wamewafuata, na hapa kambini mahema mengi yako matupu. Evelina, msimamizi wetu, anatufanya tung'arishe vijiko ambavyo havijatumiwa. Mvua ni nyingi na barabara ya getini imekuwa tope.

Nimesoma barua yako. Nyinyi watu wa Nyamwaga mna ugonjwa mmoja: dhahabu kwenu ni kitu cha kupima gramu na kuuza kabla jua halijazama. Hamjawahi hata siku moja kukitazama. Mimi nilifundishwa kutazama. Yule mgeni wangu wa kila mwaka, mzee wa Kimarekani ninayemhudumia mezani, ndiye aliyenipa cha kwanza badala ya bakshishi. Alisema zamani, babu zake wakiwa vijana, kulikuwa na maonyesho makubwa huko kwao. Ni kama Nanenane yetu, ila mtu hakurudi nyumbani na kofia ya kampuni ya mbolea. Alirudi na kidhahabu chenye jina la jimbo. Watu walivitia kwenye visanduku, wakaviachia wajukuu. Cha Alaska kina kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya manyoya, na ukikiweka kwenye mwanga wa dirisha unayaona mpaka manyoya. Mtu alichonga manyoya hayo juu ya kitu cha ukubwa wa kunguni, kama unavyosema. Fundi gani wa Nyamwaga anaweza? Nyinyi mnaweza kuyeyusha tu.

Kila mwaka aliporudi alinipa kimoja. Vikafika vinne. Na mtu aliyeanza kukusanya haachi njiani. Wewe hukuanza, kwa hiyo hujui.

Mama asibebe maji, nitatuma hela ya kumlipa mtu. Wakwe hawajambo.

Mdogo wako,
Erasto


Nyamwaga,
25 Februari 2024

Erasto,

Mama anakusalimu na kukushukuru kwa hela ya maji. Mimi na yeye tumemaliza kupalilia. Binti wa Scholastica, Kezia, ameolewa Sirari na amerudi kututembelea akiongea Kiswahili cha Kenya, tunamwelewa nusu. Mvua ni nzuri.

Nimeuliza habari za ng'ombe, nimejibiwa habari za afya. "Wakwe hawajambo." Nashukuru. Na Rais wa Marekani naye hajambo? Na dubu?

Umeandika ukurasa mzima juu ya manyoya ya kofia. Nimemsomea mama, akasema, "Mwanangu anapendeza akisimulia." Mama ni mama. Mimi niliona jambo jingine. Ulisema mgeni alikupa vinne. Krismasi juu ya kile kitambaa havikuwa vinne. Vilikuwa karibu safu mbili, na dubu walikuwa zaidi ya mmoja. Hao wengine ulipewa na nani? Mtu mwenye mshahara wa kung'arisha vijiko?

Tena mume wa Scholastica ametoka mnadani Mugumu. Amemwona ng'ombe mwekundu, sikio la kushoto limechanjwa mara mbili, alama ya baba yetu. Aliyekuwa anamuuza ni dereva wa watalii, mtu wa Arusha mwenye miwani ya jua, jina lake Ombeni. Mume wa Scholastica alimuuliza alimpata wapi. Akasema, "Nilibadilishana na jamaa wa kambini."

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi nataka uandike kwa mkono wako mwenyewe. Ng'ombe wangu wako wapi?

Boke


Nyamwaga,
14 Aprili 2024

Erasto,

Pasaka imepita bila wewe. Mama hajambo. Joel ananiambia barua alikupa mkononi na ukaisoma umesimama, kwa hiyo usiseme ilipotea.

Baba yake Winfrida ametuma mtu kutoka Kisaka. Mtu mstaarabu, alikunywa uji, akasalimia kila aliyekuwepo, kisha akauliza kama ng'ombe walioahidiwa Krismasi wanatembea kwa magoti. Nilimwambia mto umejaa. Yaani nimeanza kusema uongo kwa niaba yako, mimi, kwa umri huu. Mama alikuwa jikoni, hakusikia, na sijamwambia kitu.

Unaogopa karatasi?

Boke


Ikoma,
6 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utaandika kama ulivyoandika. Mimi ni mzima. Mama namsalimu sana.

Ni kweli. Njiani kwenda Kisaka nililala Mugumu, Ombeni akanikuta na mkebe. Akaniambia ana vile vinavyokosekana kwangu, alivipata kwa wageni wa Arusha. Baadhi alikuwa ameshaniachia nivitazame kabla ya Krismasi, ndivyo ulivyoviona, na mjini akanitolea vilivyobaki. Kalifonia yenye dubu, kubwa, ya kati na ndogo. Washingtoni. Aidaho. Fungu zima, dada, kwa ng'ombe wawili. Mgeni wangu alikuwa ameniambia mwaka jana kwamba kimoja kimoja ni mapambo, ila fungu likitimia watu wa chama chao cha wakusanyaji hupigana mangumi kuligombea. Anakuja Julai na rafiki yake wa chama hicho. Nitauza fungu, nitapeleka Kisaka ng'ombe ambao hata baba mdogo atavua miwani kwa heshima. Wale wawili wataonekana ni ndama. Nilipiga hesabu ya mtu mzima, nyinyi mnaniona mtoto aliyenunua pipi.

Hapa kwenye mabweni ya wafanyakazi kuna mikono mirefu. Ndiyo maana nampa Joel mkebe huu aulete kwa mama, aufungie kwenye sanduku lake la kanga mpaka Julai. Tafadhali: msivisugue, msivioshe kwa majivu, msivijaribu. Vikipata mkwaruzo vinakuwa takataka. Watu wa Nyamwaga hamjui kuacha kitu kilivyo.

Nami nina swali. Kila barua yako Joel anaichukua kwa mama. Kwako hachukui hata moja. Na mwandiko wako umeinama kama ua uliogongwa na ng'ombe, wakati wewe ndiye uliyenifundisha kuandika. Mseti hajambo?

Erasto


Nyamwaga,
1 Juni 2024

Erasto,

Mama anakusalimu na anasema hana kosa.

Barua yako nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye "msivijaribu," aliinua uso. Umesahau mama yako ni nani. Kabla ya mashine kuja, yeye alikuwa anaosha mchanga mtoni kwa karai, na kila mnunuzi aliyetaka kumpunja alimpeleka jikoni kwenye makaa. Kumwambia mtu kama huyo asijaribu dhahabu ni kumwambia paka asinuse samaki. Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amepanga visarafu vyako juu ya kigae, kigae juu ya makaa, anapepea kwa mfuniko wa sufuria. Nilipiga kelele. Akasema, "Kama ni dhahabu, moto utaifanya nini?"

Vinne vilikaa vilevile. Oregoni, Montana, Alaska, na Aidaho ya kwanza, ile uliyopewa na mzee wako. Vingine vyote viligeuka rangi ya chai, kisha vikawa vyeusi, ngozi ikaanza kubanduka. Dubu mkubwa alianza kubanduka mgongoni. Ndani ni shaba, mura. Shaba ya bomba. Ng'ombe wangu wawili umewabadilisha na vipande vya bomba.

Nilicheka. Siwezi kukuficha, nilicheka mpaka nikakaa chini, na mama naye akacheka. Halafu nikaanza kulia na mama hakuniuliza kwa nini, kwa sababu anajua. Wewe ndiye hujui, na sasa nitakuambia.

Umeuliza habari za mwandiko. Kidole changu cha mkono wa kulia kilivunjika Novemba, kikaungwa vibaya. Hakikuvunjwa na jembe. Tangu juma lile ninaishi hapa kwa mama. Krismasi ulinikuta jikoni, ukadhani nimekuja kukupikia. Wazee uliowaonyesha dubu hawakuja kunywa chai. Walikuwa wamekuja kwa ajili yangu. Mseti alishawaambia kwamba, kwa vile hatuna mtoto, na ng'ombe wengine baba aliwauza akusomeshe, yeye ataniacha huru akirudishiwa wawili. Wawili tu. Nao walikuwa zizini wanatafuna majani.

Nilikuwa nimepanga nikuambie jioni ile baada ya kula. Ukaanza wewe habari za Winfrida, na uso wako ulivyokuwa, nikameza maneno. Nikawaomba wazee wanyamaze. Nikasema moyoni, waende Kisaka, hilo ndilo walilozaliwa wafanye, mimi nitarudi kwa Mseti, nimeshamzoea. Na wangefika Kisaka, Erasto, ungeoa na ungezaa na usingesikia neno kutoka kwangu mpaka kaburini. Nilikupa mlango wangu wa kutokea. Wewe ukaubadilisha na mabomba.

Naona uchungu ambao sijui niuweke wapi. Kwa ajili ya mkeo ningerudi kwa Mseti. Kwa dubu wa shaba siwezi.

Wazee wamempa Mseti neno lao. Mahindi yakishavunwa, mwanzoni mwa Septemba, boma lake litapokea mmojawapo: ama ng'ombe, ama mimi. Ninakuandikia ili ujue, sikuombi kitu. Mkebe Joel anakurudishia. Vyeusi nimevirudisha humo pia, usije ukasema nimekuibia.

Boke


Ikoma,
20 Agosti 2024

Dada yangu Boke,

Shikamoo. Shikamoo mama.

Barua yako niliisoma stoo ya shuka, na Evelina alinikuta humo akadhani nimefiwa. Nilijibu mara tano, nikachana. Kila nilichoandika kilikuwa cha kunitetea mimi. Ombeni nilimtafuta. Amehama kampuni, na simu yake imepata mtandao kama wangu.

Nilikuwa nikikuona Krismasi ukigeuza ugali kwa mkono wa kushoto. Nilikuona. Nikarudi kwenye kitambaa changu kuwaeleza watu Oregoni ilipo. Hilo ndilo linalonitafuna, kuliko shaba.

Mgeni wangu alikuja Julai, na rafiki yake. Niliweka mkebe mezani baada ya chakula. Mzee alipomwona dubu mweusi alicheka mpaka machozi, akawaita na wa meza ya pili waje wacheke. Nilisimama na trei. Sijawahi kusikia kicheko kirefu namna ile, hata cha Nyamwaga. Akasema Kalifonia za dubu wa namna hiyo hutiwa kwenye mifuko ya watalii kama karanga. Yule rafiki hakucheka. Aliviokota vile vinne, akavitazama kwa kioo, akauliza nani mwendawazimu aliyevichoma. Nikasema mama yangu. Akasema moto umevipunguzia thamani, lakini kwa sababu ya mama yangu sasa ana hakika ni dhahabu, na Alaska alikuwa anaitafuta tangu ujana. Akavinunua vyote. Alaska niliitazama dirishani mara ya mwisho, halafu nikampa. Manyoya bado yalionekana.

Nimenunua ng'ombe wawili mnadani Mugumu. Niliwaswaga mwenyewe mpaka Kisaka kwa kuwa njia inapita pale, nikaomba walale zizini kwa baba yake Winfrida. Mzee alitoka na fimbo yake, akawazunguka, akaanza kusifu pembe. Walitoa mpaka kinywaji. Ikabidi nimwambie kwamba hawa wanapita tu, wanakwenda kumrudisha dada yangu nyumbani. Kisha akaingia ndani na kile kinywaji. Winfrida alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema atangoja mpaka mwakani, ila nikija na dubu mwingine ataolewa na mtu wa Nata.

Kutoka Kisaka wanaletwa na Ndalahwa, mswagaji wa minadani, maana ruhusa yangu ilikuwa ya siku moja. Barua hii iko mfukoni mwake. Ng'ombe si wa Kisaka, dada. Ni wako. Wapeleke kwa Mseti.

Mkebe nao ninautuma. Sitaki kuuona.

Mdogo wako,
Erasto


Nyamwaga,
8 Septemba 2024

Mura,

Mama ni mzima, mahindi yamo ghalani, nyani wamehamia kwa Scholastica.

Ng'ombe walifika. Yule mweupe hana meno ya nyuma, kwa hiyo umedanganywa tena. Huyo aliyekuuzia mnadani naye alivaa miwani ya jua? Sielewi mtu aliyekulia zizini anawezaje kununua ng'ombe bila kumfungua mdomo.

Mseti alimfungua. Alimshika taya mbele ya wazee, akasema huyu ni bibi kizee, hamtaki. Baba mdogo akamwambia, "Mke ulipokuwa unamvunja vidole, ulimwona ni mzima. Pokea ng'ombe." Watu wakacheka, Mseti akapokea. Wazee wakatamka maneno yao, na mimi nikasimama upande wa mama. Ilikuwa Ijumaa mchana, jua kali. Nilirudi nikapika ugali, nikala mwingi, nikalala mpaka mama akaja kugusa paji la uso akidhani ninaumwa.

Usifikiri nimekusamehe. Bado nikikumbuka ile safu juu ya kitambaa damu inachemka. Lakini jana mtu wa Kisaka alipita tena, nikamwambia wazi kwamba ndugu yangu hana ng'ombe sasa hivi kwa sababu amenitoa mimi kwanza, na nilipolisema nilisikia fahari, nikaona aibu kuisikia, ndiyo maana nakuandikia wewe na si kusema kwa mdomo. Nina shamba la migomba la mama na mikono yangu, mmoja mzima na mwingine nusu. Mwakani tutatafuta mtamba. Nitamfungua mdomo mimi.

Ule mkebe wa peremende nimeuchukua. Ninawekea sindano na vifungo vya kushonea. Dubu wako yumo humo kati ya vifungo, na juzi nilipokuwa nashona shati lako la kazi, lile uliloliacha Krismasi, nilimshika yeye nikidhani ni kifungo, nikatafuta matundu nisiyaone. Njoo ulichukue shati lako. Njia ya nyumbani kwa dada yako sasa ni ileile ya nyumbani kwenu.

Boke